Mizani na Miwani

Mwalimu wa hisabati alikuwa na miaka kumi na minne kazini, na karibu miaka yote hiyo wanafunzi walimwita Desimali, kwa sababu ya siku moja tu aliyomkata mtoto nusu alama kwa kusahau kuweka nukta. Jina likamganda. Mwenyewe alilijua na wala halikumkera. Aliliona lina usahihi wake.

Kilichomkera kilimfika Jumatatu moja asubuhi, alipoitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

"Mwalimu wa Kiswahili amejifungua jana," mkuu akasema. "Mapema kuliko tulivyopanga. Mtoto wa kike, wote wazima."

"Hongera zake."

"Kidato cha pili wamebakiza wiki tatu za ushairi. Wewe ndiye mwenye vipindi vichache."

Desimali alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaona mkuu hachekeshwi na kitu. "Mkuu, mimi sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa shairi. Nilipokuwa nachumbia, barua zangu zilikuwa na vichwa vya habari."

"Na mke si ulimpata?" Mkuu akamsogezea daftari la mwenzake lililofungwa kwa karatasi ya kaki. "Mimi nimeangalia ratiba, mwalimu. Sikuangalia moyo wako."

Desimali alitoka na lile daftari akiwa amelishika kwa vidole viwili. Akaketi kwenye kona ya chumba cha walimu, akalifungua shingo upande. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa mwandiko wa mviringo: ubeti, mshororo, mizani, vina, kibwagizo. Akafunua wa pili, na hapo macho yakamtoka. Ubeti wa tarbia una mishororo minne. Kila mshororo una vipande viwili. Kila kipande kina mizani nane.

Nane na nane, kumi na sita. Mara nne, sitini na nne.

"Kumbe," akasema peke yake, kwa sauti iliyomfanya mwalimu wa jiografia ainue kichwa, "kumbe haya mambo yana hesabu, na watu wamekaa kimya."

Kipindi cha kwanza aliingia kidato cha pili kifua mbele. Akachora ubaoni jedwali la safu nne, kila safu vyumba kumi na sita, na mstari mnene ukikata katikati.

"Hii ni nyumba ya tarbia," akawaambia. "Vyumba sitini na vinne. Kila silabi inalala chumba chake. Sitaki kuona silabi mbili zimebanana chumba kimoja, wala chumba kimebaki kitupu. Hapa katikati kuna mlango, na hapa mwisho kuna mlango mwingine. Milango yote ya katikati inafunguka kwa ufunguo mmoja, ya mwisho kwa ufunguo mwingine. Funguo hizo ndizo vina; safu ya mwisho tu, kibwagizo, yaweza kuwa na funguo zake. Ukibomoa safu mbili, nyumba inaitwa tathnia. Ukibakiza tatu, tathlitha. Ukiongeza ya tano, takhmisa."

"Na utenzi, mwalimu?" aliuliza msichana wa dawati la mbele. Wenzake walimwita Kinanda, kwa kuwa ukimgusa tu anatoa sauti.

"Utenzi ni nyumba ya maskini. Vyumba nane kila safu, hakuna mlango wa katikati."

Darasa lilicheka, na Desimali, ambaye hakuwa na historia ya kuchekesha watu, alijikuta anatembea huku na huko mbele ya ubao kama jogoo. Wiki nzima ilienda hivyo. Tamathali za usemi nazo alizivua nguo akazivika hesabu. Tashbihi, akasema, ni alama ya kukaribiana: huyu ni kama simba, yaani hajawa simba, kakaribia. Sitiari ni alama ya sawasawa: huyu ni simba, basi, hakuna cha kama. Takriri ni kurudia neno, na hiyo ni kuzidisha. Tashihisi ilimpa taabu kidogo, kitu kisicho na uhai kufanya mambo ya watu, mpaka alipokumbuka mashine ya kudurufu ya ofisini, ambayo kila mtu shuleni alijua inanuna.

Mwisho wa wiki akawapa kazi. "Tungeni tarbia moja, darasa zima. Jambo mnalolijua vizuri. Msiniletee mwezi na nyota, hamjawahi kufika huko."

Jambo walilolijua vizuri kuliko yote lilikuwa chakula cha mchana.

Jumatano ya wiki ya pili walisimama wote arobaini na wawili, Kinanda akiwaongoza kwa rula, wakaghani kwa pamoja:

*Tukiwa kwenye foleni, njaa yatuuma sana,*
*Twaipokea sahani, kwa furaha ya mchana,*
*Tukitia mdomoni, jiwe, jino hugongana,*
*Mpishi tuhurumie, maharagwe yana mawe.*

Desimali alikuwa ameshazihesabu silabi kwa kalamu nyekundu, beti zote tatu, akazipitisha. Sasa alifumba macho akisikiliza. Hakufikiri hata kidogo kwamba kati ya darasa lile na jiko la shule kuna ukuta mmoja tu, na ukuta wenyewe una madirisha ya vioo vya kukunja ambavyo nusu yake vilishavunjika. Walipofika kibwagizo cha ubeti wa pili, sauti arobaini na mbili zilikuwa zinafanya kazi ya kipaza sauti.

Mlango ukafunguliwa. Mpishi akasimama pale, mwanamke mrefu anayekaribia miaka sitini, aproni kiunoni, mwiko mkononi ukidondosha mchuzi sakafuni. Alikuwa amepikia shule ile miaka kumi na tisa. Darasa likanywea. Kinanda akaificha rula nyuma yake, kana kwamba ndiyo iliyotunga.

"Shikamoo, mama," Desimali akasema.

"Marahaba. Rudieni mshororo wa tatu wa ubeti wa pili."

Akanyoosha mwiko kwa Kinanda. Kinanda akasema kwa sauti ya mbu: "*Jino mwezi mzima, halitaki kutulia.*"

"Jino mwezi mzima," mpishi akarudia, akigonga mwiko kwenye fremu ya mlango kwa kila silabi. "Ji-no-mwe-zi-m-zi-ma. Saba. Nani aliwapitishia hii?"

Macho yote yakamgeukia Desimali. Akaangalia karatasi yake. Alihesabu nane. "Mama, m-we-zi ni tatu," akasema.

"Ni mbili, mwanangu. M ya mzima inasimama kwa miguu yake, ndiyo maana ina chumba chake. M ya mwezi imebebwa mgongoni, haina miguu. Semeni 'Jino kwa mwezi mzima,' mtafika nane." Akageuka kuondoka, akasita. "Mnaniambia nina mawe, na ninyi mnaniletea mshororo una pengo. Ijumaa nitawajibu."

Habari zilimfikia mkuu kabla kengele haijalia. "Nilikuomba ufundishe ushairi," alimwambia Desimali, "hukuombwa kuanzisha ugomvi na jiko. Wiki ijayo, kwenye mkusanyiko wa Ijumaa, darasa lako litamwomba radhi mpishi mbele ya shule nzima. Na sitaki kusikia mambo ya meno."

Usiku ule hakulala vizuri. Kuamriwa kuomba radhi aliona ni haki. Kilichomchoma ni ile silabi moja. Yeye, Desimali, kukosea kuhesabu mpaka nane.

Ijumaa mpishi alikuja kweli, bila mwiko, kavaa kitambaa safi kichwani. Alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma, akaghani bila karatasi, kwa sauti ya chini iliyojaa chumba kizima:

*Wanangu nawasikia, na maneno ni ya haki,*
*Kila siku nachambua, na ungo siuepuki,*
*Ila giza laingia, na mawe hayashikiki,*
*Taa zangu mbili ndani, zimeingiwa ukungu.*

*Zamani zilipowaka, punje moja sikukosa,*
*Leo ni kuhangaika, punje, jiwe napapasa,*
*Msinishikie shoka, kwa neno la kunitesa,*
*Taa zangu mbili ndani, zimeingiwa ukungu.*

Akainama kidogo, akatoka. Wanafunzi hawakupiga makofi. Walikaa kimya wakitazamana, na Desimali akauchukulia ukimya ule kuwa ni heshima. Mwenyewe alikuwa ameridhika. Alihesabu kwa vidole mfukoni, nane kwa nane, hakuna hata chumba kimoja kitupu. Zaidi ya hapo, alifurahi kwamba mama yule ameeleza tatizo lake waziwazi, kwa namna inayoweza kutatuliwa.

Jumatatu asubuhi, kabla ya gwaride, akaingia jikoni na ngazi begani na balbu mbili mpya mfukoni.

Mpishi alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Aliushika ungo mbali kabisa na mwili wake, mikono imenyooka, shingo imevutwa nyuma, kama mtu anayekwepa harufu. Desimali alishamwona akikaa hivyo mara nyingi na sikuzote alidhani ni maringo.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kwa ajili ya zile taa."

"Taa gani?"

"Mbili. Zilizoingiwa ukungu." Akatazama juu. Darini palikuwa na taa moja tu, imening'inia kwenye waya, nayo inawaka vizuri. "Ya pili iko wapi? Stoo?"

Mpishi alimtazama. Akaitazama ngazi. Akazitazama balbu. Kisha akaweka ungo chini taratibu, akashika kiuno, akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya aproni.

"Nenda darasani, mwalimu," alisema alipopata pumzi. "Nenda, baba. Hizo balbu kaweke chooni kwa wavulana, kuna giza."

Desimali alitoka hajui amekosea wapi. Kwenye kipindi cha tatu, akaona awaondolee wanafunzi wasiwasi. "Lile suala la taa za jikoni," akatangaza, "nimelishughulikia."

Wengine wakainamisha vichwa. Kinanda akanyanyua mkono, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, hakuanza kusema kabla hajaruhusiwa.

"Ndiyo?"

"Mwalimu, taa zipi?"

"Taa za jikoni. Mbili. Ingawa nimeikuta moja."

"Jikoni iko moja, mwalimu." Msichana alisema polepole, kama anayemshika mtu mkono kuvuka barabara. "Mbili anazo mpishi." Akagusa jicho lake la kulia kwa kidole, kisha la kushoto. "Ni sitiari. Ulitufundisha wewe. Alama ya sawasawa."

Desimali akabaki na chaki hewani. Mbele yake ukapita ungo ulioshikwa mbali, shingo iliyovutwa nyuma, na yeye mwenyewe akiingia na ngazi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, pamoja na jedwali.

"Nyote mlielewa?" akauliza.

"Sote," wakajibu, hata yule wa nyuma ambaye hakuwahi kuelewa kitu.

"Tangu Ijumaa?"

"Tangu mshororo wa nne," akasema Kinanda. "Tulidhani na wewe umeelewa. Tumekaa tunasikitika tu, kwa sababu tulimwimbia ya mawe kumbe mama wa watu haoni."

Jioni ile alimsimulia mkewe, aliyekuwa akipiga pasi sare zake za kazi. Mkewe alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya mtaa wa pili. Alisikiliza mpaka kwenye ngazi, hapo akaiinua pasi na kuigeuza pembeni ili asiunguze kitu huku akicheka.

"Ulibeba na ngazi."

"Nilibeba."

"Haya. Anaona watu wakiwa mbali?"

"Anaona. Ananiona mimi nikiwa getini na kujua nimevaa shati lipi."

"Lakini kitu cha mkononi anakisogeza mbali. Basi huyo si kipofu, ni umri tu. Kila mtu utamfika, hata wewe, na usinitazame hivyo. Alhamisi daktari wa macho anakuja kwetu. Mlete."

Kumleta ndiko kulikokuwa na kazi. Desimali alirudi jikoni Jumanne bila ngazi, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akauvuta ungo kwake, akaanza kuchambua bila kuulizwa. Mpishi akamwacha afanye kwa muda.

"Nani kakueleza?" akauliza mwishowe.

"Kinanda."

"Nilijua atakuwa yeye. Yule mtoto ana sikio."

"Mama, kwa nini hukusema tu?"

"Kwa sababu mpishi asiyeona ataambiwa akapumzike. Miaka kumi na tisa nimeshika mwiko huu, nikapumzike nifanye nini? Nikae nyumbani niangaliane na ukuta?" Akachukua kijiwe Desimali alichokitoa, akakizungusha kati ya vidole bila kukitazama. "Ukisema jambo wazi, mtu anakujibu wazi. Ukilisema kwa shairi, anayeelewa ndiye anayekuja. Ila sikutarajia aje na ngazi."

"Alhamisi twende zahanati. Nitakusindikiza."

"Miwani sivai. Mama yangu alivaa, mtaa mzima ukamwita Chupa."

"Mimi naitwa Desimali," akasema mwalimu, "na bado nakula na kulala."

Mpishi akamtazama kwa mara ya kwanza kama anayemtazama mtu. "Kumbe unajua."

"Miaka kumi na minne."

Alhamisi walikwenda. Daktari wa macho alikuwa kijana mwenye haraka. Alimpa kadi yenye maandishi madogo aisome, na mpishi akainyoosha mbali mpaka mkono ukaisha, kisha akavikwa miwani moja, ikavuliwa, akavikwa nyingine, ikavuliwa. Ya tatu ilipokaa puani aliitazama kadi. Akaitazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, kovu moja baada ya jingine, makovu ya mafuta na ya sufuria. Akamgeukia Desimali aliyekuwa amekaa kwenye benchi karibu yake.

"Mwalimu," akasema, "kumbe nawe una mvi masikioni."

"Ni vumbi la chaki, mama."

"Si chaki hiyo."

Njia nzima ya kurudi alisogelea vibao akavisoma. Alisoma vya maduka, vya vinyozi, akasoma hata karatasi ya tangazo la mbwa aliyepotea iliyobandikwa kwenye nguzo, mpaka namba ya simu. Walipofika jikoni alisimama mlangoni akaangalia masufuria yake, na uso ukambadilika. Alasiri yote aliyasugua kwa majivu, hakuna aliyeruhusiwa kuingia.

Kwenye mkusanyiko wa Ijumaa mkuu wa shule alisimama tayari kusikia radhi. Alichokisikia kilikuwa ngonjera. Wanafunzi upande mmoja, Kinanda mbele yao. Mpishi upande wa pili na miwani yake, karatasi mkononi, ingawa alikuwa ameshaikariri. Ubeti mmoja wanafunzi wakijilaumu, ubeti mwingine mpishi akiwajibu. Walimwahidi zamu ya kuchambua, wawili wawili kila asubuhi. Akawaambia atakayechambua na kuacha jiwe atalikuta sahanini kwake. Wakamwomba chumvi ipungue. Akawajibu kwamba hapo wamevuka mpaka. Watoto wa kidato cha kwanza walivunjika mbavu kwa kucheka, mwalimu wa jiografia akapiga mluzi.

Mkuu alimsogelea Desimali pembeni. "Hiyo ilikuwa radhi?"

"Naamini, mkuu. Ubeti wa kwanza na wa tatu."

"Na miwani imetoka wapi?"

Desimali akasita, maana hili ndilo mpishi aliloliogopa. "Alikuwa hasomi vizuri vitu vya karibu. Sasa anasoma kila kitu. Jana alinisomea tangazo la mbwa."

Mkuu alimtazama mpishi aliyezungukwa na wanafunzi wakitaka kuijaribu ile miwani. "Mimi mwenyewe," akasema taratibu, "ratiba naishika huku." Akanyoosha mkono mbali. "Zahanati gani hiyo?"

Mchana wa Ijumaa ile ile, wiki ya tatu ikiisha, daftarini ilibaki mada moja, ambayo Desimali aliiacha mpaka kipindi cha mwisho kwa sababu ilimtisha. Shairi huru. Halifuati mizani wala vina, mshororo unakatika popote mtunzi anapotaka. Aliyasoma yale maelezo mara nne akitafuta kanuni iliyojificha. Haikuwepo. Akaingia darasani, akaandika mada ubaoni, akaweka chaki chini.

"Hapa sina jedwali," akawaambia. "Hapa sina la kuwafundisha. Tokeni nje dakika ishirini, kila mtu akae anapotaka, aandike anachokiona. Na mimi naandika."

Aliketi kwenye ngazi za darasa na karatasi juu ya goti. Dakika kumi zilipita hajaandika neno. Kinanda alipita, akachungulia, na kwa huruma yake yote akaondoka bila kusema. Alipoanza kuandika aliandika upesi, mistari mitano, mmoja mrefu na mwingine wa neno moja, akakunja karatasi kabla hajabadili mawazo.

Nyumbani mkewe alikuwa amerudi kazini muda si mrefu, viatu bado miguuni, anakunywa maji amesimama. Desimali akampa karatasi, kisha akaenda kufungua dirisha ambalo lilikuwa limeshafunguliwa.

Mkewe alisoma. Yalikuwa mambo ya mikono yake: jinsi inavyorudi jioni ikinuka sabuni ya zahanati, jinsi inavyotafuta swichi ukutani bila kutazama, na kwamba kuna mtu aliyeketi kwenye kiti anaisubiri.

"Hii haina vichwa vya habari," akasema.

"Ni shairi huru."

Akalisoma tena, polepole zaidi. Halafu akalikunja mara mbili, akalitia kwenye mfuko wa sare, ule wa kifuani anapoweka kalamu, akavua viatu na kumuuliza amekula nini mchana.